Mtumbwi wa Pantaleo na Masanduku ya Kura

Mtumbwi wa mti mmoja hauogopi maji, unaogopa jua. Uache nchi kavu kiangazi kimoja tu, utaanza kutoa sauti kama ya mtu anayevunja kuni chumba cha pili, na siku utakapoutaka utakuta mwanga unapita kutoka upande huu hadi ule. Ndiyo maana wavuvi wa bonde la Kilombero, wakimaliza msimu, huuzamisha mtoni, wakaulazia mawe juu, ukakaa humo mpaka utakapohitajika tena. Hilo analijua mtoto wa darasa la pili wa Ifakara. Analijua bwana samaki, analijua diwani. Hata mkurugenzi, aliyeletwa juzi kutoka huko alikoletwa, aliambiwa mbele ya watu akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kwa hiyo asije mtu leo akasema walikuwa hawajui.

Restituta ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote hao. Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mumewe, Pantaleo, na yeye ndiye aliyemshawishi autoe.

Ulichongwa na baba yake Pantaleo kwa tezo, kutoka kwenye mvule mmoja mnene, Mwingereza angali anatawala. Mwaka wa vijiji, serikali ilipowaondoa watu kwenye kambi zao za mtoni na kuwaswaga Idete kwa maneno matamu na bunduki, lori lililoahidiwa halikufika. Mtumbwi ulifika. Ulibeba mbegu za mpunga, kuku, milango miwili na bibi mmoja asiyeweza kutembea, huku nyuma yao moshi wa vibanda vyao ukipanda. Pantaleo alisema siku ile, naye si mtu wa maneno mengi, kwamba serikali ni ya kusikia kwa masikio na mtumbwi ni wa kukalia.

Lakini zaidi ya hayo, katika ukoo wa Pantaleo mtu hazikwi kabla hajavushwa. Maiti hulazwa mtumbwini, husukumwa kutoka ukingo huu mpaka ule, ndipo hubebwa kwenda kaburini, hata kama kaburi liko upande ule ule alikotoka na itabidi warudi naye kwa miguu. Zamani padre mmoja Mzungu alikasirika, akasema hayo ni mambo ya kipagani. Wazee wakamwuliza kama na Yordani ni mto wa wapagani. Padre akakohoa, na tangu hapo akawa anasubiri ng'ambo na maji yake ya baraka.

Sasa, mwaka tisini na mbili, ilijengwa Lipangalala, Ifakara, walikokuwa wamehamia Pantaleo na mkewe, nyumba moja ya matofali ya kuchoma, paa la bati, madirisha ya wavu. Wafadhili walitoa saruji na bati, wananchi wakafyatua matofali, halmashauri ikatoa ahadi. Iliitwa Nyumba ya Mto. Ndani mlikuwa na samaki wa Kilombero kwenye chupa kubwa za dawa, kitoga, mbufu na kambale, kila mmoja na jina lake la Kindamba na la Kiswahili. Mlikuwa na ngozi na pembe za sheshe, yule swala mwekundu wa bondeni ambaye watoto wa mjini walikuwa hawajawahi kumwona ila mchuzini. Sakafuni ulichorwa mto wote kwa saruji, na vijito vyake, na ukimwaga maji kule milimani unayaona yanavyoshuka mpaka kwenye mpunga. Walimu walileta watoto kwa madarasa. Walijifunza kwa nini kijito kikikatiwa miti yake kinakufa, na kwa nini mafuriko si laana.

Kilikosekana kitu kimoja tu, mtumbwi wa kweli. Restituta alikuwa kwenye kamati ya ujenzi, akiwawakilisha akina mama wa Jumuiya ya kanisani. Alizungumza na mumewe wiki nzima.

"Watoto hawajui tena," alimwambia. "Wanafikiri mtumbwi ni picha ya kitabuni."

"Na siku nikifa mimi, nitavukia kitabuni?"

"Baba Theodori, mlango utakuwa wazi siku ya msiba. Nitalisema mbele ya watu wote, na watakubali mbele ya watu wote."

Mdogo wake Pantaleo, Gaudensi, alipinga. Alisema kitu cha ukoo kikilala kwa serikali kinaamka na jina jingine. Baada ya siku mbili Pantaleo alisema mke wake hajawahi kumdanganya, na suala likaishia hapo.

Siku ya ufunguzi mwenyekiti wa halmashauri alisimama mbele ya umati na kusema maneno ambayo Restituta aliyahifadhi kama anavyohifadhi Baba Yetu: "Mtumbwi huu utalala majini kwa kodi yenu wenyewe, na siku ya msiba ukoo utauchukua bila kuomba." Walijenga hodhi la saruji katikati ya nyumba, wakaweka pampu ya kuvuta maji kisimani, na mtumbwi ukazamishwa humo na mawe yake. Watoto walikuwa wakiinama ukingoni mwa hodhi kuuangalia umelala chini kama kiboko. Mwaka uliofuata dada yao Pantaleo, Margareta, alifariki. Ukoo ulikwenda, mlango ulikuwa wazi, mtumbwi ukatoka hodhini mzima kama yai, Margareta akavushwa mto Lumemo, kesho yake ukarudishwa. Gaudensi mwenyewe alikiri kwa kuguna.

Basi ndivyo serikali inavyokuonjesha.

Kodi ya maendeleo ilikuwa inakusanywa mpaka mashambani. Mgambo walimfuata mtu katikati ya mpunga, amelala kifudifudi na matope kinywani, wakamtoa kwa shati. Lakini kwenye kikao cha bajeti kodi ile ile ilikuwa nyembamba kama uji wa mfungwa. Restituta alihudhuria kikao hicho, kwenye mabenchi ya nyuma wanakoruhusiwa wananchi kukaa wakanyamaza. Diwani wa Lipangalala, Edward, kijana mnene mcheshi aliyejua kuchekesha ukumbi, alisimama na karatasi mkononi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, gari la halmashauri limekaa juu ya mawe, zahanati haina paa, na hapa naona fungu la kuunywesha maji mtumbwi. Naomba kuuliza tu, huo mtumbwi una kiu gani?"

Ukumbi ulicheka. Restituta naye alicheka, maana utani ulikuwa mzuri, kisha akasimama.

"Mheshimiwa, paa la zahanati mlilitaja mwaka juzi tukalipa, mkalitaja mwaka jana tukalipa. Labda na paa nalo lina kiu."

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akagonga meza. "Mama, huna ruhusa ya kusema hapa."

"Nilipokuwa nalipa kodi hamkuniuliza kama nina ruhusa."

"Kaa chini, mama."

Alikaa. Fungu la Nyumba ya Mto lilihamishwa. Matairi ya gari yalinunuliwa. Zahanati haikupata paa.

Mlinzi wa nyumba aliachishwa kazi, pampu ikakosa mafuta, walimu wakaacha kuleta watoto kwa sababu hapakuwa na wa kuwaeleza. Ufunguo ulibaki kwa Maximilian, bwana utamaduni wa wilaya, mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, ambaye hakuwahi kusema hapana wala kufanya ndiyo. Alimruhusu Restituta aingie atakavyo. Na Restituta alianza kubeba maji.

Alibeba kwa ndoo, kichwani, kutoka kisimani. Hodhi lilikuwa na ufa mdogo chini, maji yalipungua kila siku. Wakati huo Pantaleo alikuwa ameanza kuvimba miguu. Daktari alisema moyo umechoka. Usiku ilibidi alale ameegemea ukuta, na kila jioni mkewe akirudi na kanga iliyolowa mabegani alimwuliza swali moja tu: "Umelala vizuri?" Alikuwa anaulizia mtumbwi.

"Umelala vizuri."

Hakuhitaji kusema zaidi. Wote wawili walijua nani anayefuata kuvushwa.

Kija alimkuta kisimani. Alikuwa Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka michache nyuma, na miaka ile kila baya lililotokea bondeni lilikuwa la Msukuma. Nyasi zikiisha ni yeye, sheshe wakipotea ni yeye, samaki wakipungua ni yeye, ingawa hakuna aliyewahi kumwona ng'ombe na nyavu. Mkubwa akikosa jibu mkutanoni, humwonyesha Msukuma kwa kidole. Restituta mwenyewe hakuwa amewahi kumwamkia.

"Shikamoo, mayu," alisema Kija. Mayu kwao ni mama.

"Marahaba."

"Naona kila nikipita unamwagia maji mti uliokufa."

"Haujakufa. Na ng'ombe wako wameumaliza mto, au wamebakisha?"

"Wamebakisha kidogo. Niliwaambia kuna mama mmoja na ndoo yake, wamwachie."

Restituta alishtuka kujisikia anacheka. Kija hakucheka, aliangalia ndoo.

"Binti yangu aliletwa hapa na mwalimu wake. Alirudi akanifundisha mimi, eti nisinyweshe ng'ombe kwenye chanzo, ninyweshe chini. Kanifundisha mpaka nikachoka. Kwetu mtu akichota maji peke yake siku nyingi, huwa nyumbani kuna mgonjwa."

"Yupo."

Siku iliyofuata alikuja na mkokoteni wa ng'ombe wawili na mapipa ya bati. Akajaza hodhi mpaka mtumbwi ukafunikwa. Akawa anakuja hivyo kila alipoleta maziwa mjini, hakudai chai, na watu wa Lipangalala walipomwuliza kama sasa ameajiriwa na halmashauri alijibu kwamba halmashauri ndiyo imeajiriwa na ng'ombe wake. Kiangazi chote cha mwaka ule mtumbwi ulilala vizuri, kwa ng'ombe wa mtu aliyeitwa mharibifu wa mazingira.

Mwaka tisini na tano ukaja na vyama vingi. Ifakara ilijaa bendera, vipaza sauti na pombe ya bure. Kila mgombea aliapa kwa mto Kilombero kama vile ni mama yake. Mwezi wa tisa, joto likianza kukaba, Restituta alifika Nyumba ya Mto akakuta mlango umefunguliwa na lori limeegeshwa kinyumenyume. Vijana walikuwa wakishusha masanduku. Maximilian alikuwa ndani, suruali ameikunja mpaka magotini, anapapasa chini ya maji.

Alikuwa anatafuta zibo la hodhi.

"Bwana Maximilian."

Alinyooka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa anaiba kuku wa jirani. "Mama. Ni amri. Nyumba hii inatakiwa kwa vifaa vya uchaguzi, ndiyo pekee yenye kufuli na isiyotumika."

"Isiyotumika."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Sasa unyevu ukiingia kwenye karatasi za kura, uchaguzi umeharibika. Unaelewa, mama? Ni jambo la taifa."

"Naelewa. Basi tuutoe mtumbwi, tukauzamishe Lumemo mpaka mmalize. Kija ana mkokoteni, ni kazi ya asubuhi moja."

"Ningeweza ningekubali sasa hivi. Ni mali ya halmashauri, umesajiliwa. Kutoka ndani ya mlango huu unataka kibali cha mkurugenzi."

"Ukoo utauchukua bila kuomba. Yalisemwa hapo hapo uliposimama."

"Siku ya msiba, mama," alisema Maximilian kwa sauti ya chini sana. "Hapajatokea msiba."

Restituta alimwangalia. Alitaka kumwambia kwamba mtu hafi kwa haraka ili kuifurahisha halmashauri. Zibo lilitoka, maji yakaanza kuzunguka na kushuka, na mgongo wa mtumbwi ukajitokeza taratibu, mweusi, unang'aa, na ute wa kijani ubavuni. Vijana wa lori hawakusubiri hata ukauke. Nafasi ilikuwa ndogo, walipanga masanduku mpaka ndani yake.

Mkurugenzi ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi, na hakukaa ofisini. Restituta aliambiwa yuko Mlimba, akapanda treni kumfuata, akafika akaambiwa ameshakwenda Uchindile, akalala stesheni akarudi. Alimpata mwishoni kwenye uwanja wa mpira, siku ya kuwaelimisha wananchi namna ya kupiga kura. Waliporuhusiwa kuuliza maswali alisimama, akaeleza yote, jua, mvule, ufa, mume wake anayelala ameegemea ukuta. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hoja ya mama ni nzito," alisema. "Nimeielewa. Tupite salama kwenye uchaguzi, itashughulikiwa."

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo lililomwuma, kwamba walipiga makofi.

Kija alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. Alimwambia wakati wa kurudi, "Mayu, ukisema, nitakuja na vijana wangu tuung'oe mlango."

"Watasema Wasukuma wameiba kura. Watawachomea maboma yenu."

"Watasema."

"Basi usije."

Restituta akawa anakwenda kusimama dirishani. Polisi aliyewekwa kulinda alimzoea, akampa kigoda chake mchana akilala yeye chini ya kivuli cha ukuta. Ndani bati lilikuwa linachemka. Siku moja Restituta aliomba aingie kwa upande amwage ndoo moja tu, au basi kitambaa kilicholowa kitandikwe juu ya mtumbwi.

"Mama, utanifukuzisha kazi. Nina watoto."

"Na mimi ninao."

"Basi tuhurumiane."

Wakati wanazungumza ikasikika ndani sauti moja kavu, kaa!, kama ya kuni inayovunjwa. Polisi aligeuza kichwa.

"Ni bati hilo," alisema.

Restituta alirudi nyumbani. Pantaleo alikuwa kitandani, mikono juu ya shuka, vidole vimevimba mpaka pete ya ndoa imezama.

"Umelala vizuri?"

"Umelala vizuri," alisema.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwake katika ndoa yao, nao ulitoka laini kama maji, na mume wake akafumba macho akaamini.

Siku ya kura alipanga foleni tangu alfajiri na kanga yake ya kanisani. Alipofika mbele alipewa karatasi, akaenda kwenye sanduku, akaona ubavuni mwake ute wa kijani uliokauka na kuganda kama rangi. Aliugusa kwa kidole. Msimamizi alimwambia, "Mama, tumbukiza, wengine wanasubiri." Alitumbukiza. Alimpigia nani, hakuwahi kumwambia mtu, na haikuwa na maana. Edward alirudi kwenye udiwani kwa kura nyingi.

Masanduku yalipoondoka, nyumba iliachwa wazi. Hakukuwa na mlinzi tena wala kibali kilichotakiwa. Gaudensi alikwenda pamoja na shemeji yake. Mtumbwi ulikuwa umekaa kwenye hodhi kavu, rangi ya majivu, na ufa ulianzia mbele ukashuka ubavuni mpaka karibu na nyuma. Gaudensi alipitisha kiganja chake, kikapita. Alikitoa, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Restituta alisimama akisubiri aseme alivyosema siku ile, kwamba kitu cha ukoo kikilala kwa serikali kinaamka na jina jingine. Alitamani aseme. Gaudensi aliupima ufa kwa shubiri.

"Tutatafuta lami," alisema. "Na matambara, na nta. Kwa mvuko mmoja utashika."

"Na ukirudi majini, hautavimba ufa ukajifunga?"

"Shemeji, huu hauvimbi tena."

Waliuziba kwa lami, matambara, nta na kipande cha bati kilichopigiliwa misumari. Kupiga misumari mtumbwi wa baba yake, Gaudensi alifanya ameangalia pembeni. Wakati ule Pantaleo alikuwa hali kitu. Jioni moja, akili yake ikiwa safi, alimwita mkewe akamwambia amekuwa akiota anavuka, na maji yamejaa, na hakuna anayemsukuma, mtumbwi unajua njia. Alitabasamu. "Ulifanya vizuri, Mama Theodori. Bila wewe ungekuwa umeshaoza kwenye matete." Restituta alimshika mkono wenye pete iliyozama. Alimwambia anywe uji kidogo. Alikufa kabla ya wiki kuisha, ameegemea ukuta, mchana, watu wakiwa mashambani wanasafisha mashamba ya mpunga.

Walimpeleka Lumemo kwa mkokoteni wa Kija, mtumbwi kwanza, kisha yeye. Mto ulikuwa umepungua kwa kiangazi, lakini katikati bado ulikuwa na kina cha kumfika mtu kifuani. Kwa desturi yao hupanda mtumbwini mtu mmoja tu pamoja na maiti, yule mwenye upondo wa kusukumia. Mjane husubiri ng'ambo, amekaa, hasemi. Lakini mara tu walipomlaza Pantaleo na sanda yake nyeupe, maji yalianza kuchungulia kwenye lami. Gaudensi aliangalia, akaangalia watu. Atakayekumba maji na kuyamwaga nje ni nani?

Restituta aliinua kanga yake akapanda. Akakaa kichwani pa mumewe na kata mkononi. Hakuna aliyemzuia, hata wale wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kuzuia.

Walipofika katikati, lile bati lilinyanyuka. Maji yaliingia kwa nguvu, ya kahawia, na vijani ndani yake. Alikumba, akamwaga, akakumba, kata ikigonga ubao kwa kasi, na bado akayaona yanapanda, yanaigusa sanda miguuni, rangi yao ya kahawia inapanda kitambaani. Kutoka ukingoni akina mama walikuwa wameanza wimbo wa kanisani, ukakatika wenyewe. Wanaume waliingia mtoni na nguo zao. Kija alikuwa wa mbele. Waliushika mtumbwi huku na huku, wakaubeba zaidi ya kuusukuma, na hivyo ndivyo Pantaleo alivyovuka, amelowa mpaka kifuani, mkewe akiendelea kukumba hata walipokuwa wameshakanyaga mchanga, mpaka Gaudensi alipomshika mkono.

"Shemeji. Tumefika."

"Amelowa," alisema Restituta. "Nilimwambia umelala vizuri."

Padre alinyunyiza maji yake ya baraka. Hayakuonekana yaliangukia wapi.

Baada ya mazishi Edward alifika na shati jeupe, akaomba dakika mbili za kusema kama diwani. Alimsifu marehemu kwamba alikuwa mwanamazingira wa kweli. Alisema Nyumba ya Mto ni fahari ya wilaya, na kwamba katika bajeti ijayo yeye mwenyewe atahakikisha inakumbukwa. Watu walitazama sahani. Hakuna aliyepiga makofi safari hii, naye aliona, akaanza kutafuta neno la utani, akalikosa.

"Keti ule, mwanangu," alimwambia Restituta. "Umetoka mbali."

Nyumba ya Edward ilionekana kutoka pale walipokaa. Aliketi.

Matanga yalikesha nje, kama kawaida, watu wamelala kwenye mikeka kuzunguka moto. Usiku wa kwanza kuni ziliisha mapema. Gaudensi alikwenda ukingoni na shoka, akarudi na kipande cha ubavu begani. Alisema tu kwamba mtumbwi uliomlowesha maiti hauvushi mtu mwingine, na hakuna aliyemwuliza hilo linatoka desturi ipi. Mvule ule ulikuwa mkavu mno. Uliwaka bila moshi, kwa moto mrefu mwekundu, ukawapa watu joto mpaka asubuhi.

Siku ya tatu alikuja Maximilian na viatu vyake mkononi, maana njia ilikuwa ya mchanga. Alitoa pole kwa kila mtu, mmoja mmoja. Kisha akajikuna shingo.

"Mama, nisamehe, hata ulimi ni mzito. Nimetumwa. Wanasema mtumbwi bado uko kwenye mali ya halmashauri, na ukoo ukimaliza..."

Restituta alimwonyesha moto kwa kidevu. Kilikuwa kimebaki kipande cha nyuma, urefu wa mkono, na msumari mmoja umesimama ndani yake mwekundu.

Maximilian alitazama muda mrefu. "Nitawaambia nini?"

"Waambie ulikauka vizuri. Karatasi hazikupata unyevu hata moja."

Alibaki amesimama, mtu mzima na viatu mkononi. Halafu akakaa kwenye mkeka, bila kukaribishwa na bila kufukuzwa, na walipoleta uji akapokea bakuli kama wengine. Kija alikuwa upande wa pili, amejifunika shuka yake ya lubega. Hakuna aliyemsemesha Maximilian, lakini walisogea kidogo apate mahali.

Jioni, wageni wakipungua, Gaudensi alianza kuzungumza polepole kuhusu mvule. Alikuwa amesikia bado upo mmoja kule juu. Restituta alimwacha aseme. Walijua wote wawili kwamba misitu ile ilikuwa imeshapita mikononi mwa wenye misumeno na vibali, na kwamba mtu wa mwisho katika ukoo aliyejua kushika tezo walikuwa wamemzika juzi akiwa amelowa.

"Mimi mtanipitisha darajani," alimwambia.

"Shemeji, usiseme hivyo."

"Kama gunia la mchele. Msiwasumbue watu kuingia majini."

Gaudensi alichukua kijiti, akakisukuma kile kipande cha mwisho katikati ya moto.